Chati Ipi Ishike Dosari: Ndizi za Mboghoni na Katani ya Mwatate

Chati ya udhibiti ni mchoro wenye mistari mitatu na nukta nyingi. Mstari wa kati unaonyesha wastani wa kazi yenyewe. Ule wa juu na ule wa chini ni mipaka: kazi ikienda kwa kawaida yake, ni nadra sana matokeo kuivuka. Kila siku, au kila shehena, huwekewa nukta moja. Nukta ikiwa ndani ya mipaka, hakuna jipya. Ikitoka nje, kuna jambo lililoingia kazini, na lafaa kutafutwa siku hiyo hiyo, wakati waliokuwapo bado wanakumbuka.

Kuichora si kazi. Kazi ni kuchagua, kwa kuwa chati hizi ni za aina nyingi na kila aina imeundwa kwa namna yake ya kuhesabu. Iliyochaguliwa vibaya hupiga mbiu pasipo na jambo, au hunyamaza dosari zikizidi.

Mboghoni, wadi iliyomo katika kaunti ndogo ya Taveta, ni mahali pazuri pa kuanzia. Sehemu kubwa ya kaunti ya Taita Taveta, nchini Kenya, ni nyika kavu, lakini upande wa Taveta hunufaika na maji yanayotokana na Mlima Kilimanjaro: chemchemi za Njoro, Mto Lumi na mifereji inayofika mashambani. Huko ndizi hustawi. Mikungu hukatwa, hukusanywa na kupakiwa, kisha mzigo wa kwenda pwani hushika barabara ya Mwatate na Voi hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Ndizi iliyochubuka wakati wa kukatwa au kupakiwa haionyeshi kidonda chake mara moja. Weusi hujitokeza baadaye, mbele ya mnunuzi. Hapo ni rahisi lawama kuanza: mkulima amtaje dereva, dereva awataje wapakiaji, na wapakiaji waseme mzigo ulitoka shambani ukiwa hivyo hivyo.

Kabla ya kutafuta mwenye kosa, kuna swali linalopaswa kutangulia. Je, mzigo wa leo ni mbaya kweli, au ni mzigo wa kawaida ulioangukia upande mbaya? Hakuna kazi ya mikono wala ya mashine inayotoa matokeo yale yale kila siku. Leo chana sita zimeharibika, kesho tisa, keshokutwa tano, na hakuna aliyebadilisha chochote. Mabadiliko ya namna hii ni ya kazi yenyewe. Yanatokana na mambo mengi madogo yanayokuwapo kila siku, nayo hupungua tu pale kazi nzima inapopangwa upya. Mengine huja na sababu yake maalumu: kisu butu, kibarua mgeni ambaye hakuelekezwa, lori lililopakiwa bila kutandikwa majani. Haya yana mahali pa kushikwa. Kumkata malipo mpakiaji kwa mabadiliko ya aina ya kwanza ni kumwonea, na hakuokoi ndizi hata moja.

Aliyetenganisha aina hizi mbili kwa hesabu alikuwa Mmarekani, Walter Shewhart, aliyefanya kazi katika kampuni ya Western Electric iliyotengeneza vifaa vya simu. Tarehe 16 Mei 1924 alimpelekea mkubwa wake waraka wa ukurasa mmoja wenye mchoro wa kwanza wa aina hii. Mwaka 1931 akatoa kitabu kilichoeleza msingi wake wote. Mmarekani mwenzake, W. Edwards Deming, aliyapeleka mafundisho hayo Japani mwaka 1950, na viwanda vya huko vikayashika kwa bidii. Shewhart ndiye aliyeamua kwamba mipaka iwekwe mbali na mstari wa kati kwa umbali wa michepuko sanifu mitatu. Mchepuko sanifu ni kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuuzunguka wastani wake. Aliona kwamba umbali huo unapunguza hasara za pande mbili kwa pamoja: ile ya kukimbizana na sababu isiyokuwapo, na ile ya kuipita sababu iliyopo.

Umbali ni ule ule kwa chati zote. Kinachotofautiana ni jinsi mchepuko wenyewe unavyopatikana, na hilo hutegemea kitu kinachohesabiwa.

Chukua chana moja ya ndizi yenye michubuko mitatu. Mkaguzi anaweza kuandika kwamba ameona chana moja mbovu. Anaweza pia kuandika kwamba ameona dosari tatu. Maelezo yote mawili ni ya kweli, lakini ni hesabu mbili tofauti na zinahitaji chati tofauti. Ubovu ni hukumu ya kitu kizima: kinafaa au hakifai, kinauzwa au kinatupwa. Dosari ni alama iliyo juu ya kitu, na kitu kimoja kinaweza kuwa na nyingi na bado kikauzika. Katika hesabu ya kwanza, chana 100 haziwezi kutoa zaidi ya chana 100 mbovu. Katika ya pili hakuna kikomo kama hicho. Makosa mengi ya kuchagua chati huzaliwa hapa, pale mkaguzi anapochanganya hesabu hizi mbili katika daftari moja.

Anayehesabu vitu vibovu ana chati mbili za kuchagua: ya np na ya p. Herufi hizi zimezoeleka duniani kote, nazo n ni ukubwa wa sampuli na p ni uwiano wa vitu vibovu. Chati ya np hutumika sampuli ikiwa na ukubwa ule ule kila siku. Tuseme kituo cha kukusanyia ndizi kinakagua chana 100 kila asubuhi, na baada ya siku 25 kinaona kwamba wastani ni chana 8 mbovu. Mchepuko hupatikana kwa kuzidisha 8 kwa 0.92, ambao ni uwiano wa chana nzima, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 2.7. Mara tatu yake ni 8.1. Kikomo cha juu basi ni 16.1, na cha chini ni sifuri, kwa kuwa hesabu inashuka chini ya sifuri kidogo tu na hakuna chana pungufu ya sifuri.

Kituo hicho sasa kikipata chana 15 mbovu, msimamizi atahisi kwamba mambo yameharibika, maana idadi inakaribia kuwa mara mbili ya wastani. Chati inasema hapana. Kumi na tano imo ndani ya kawaida ya kazi hiyo. Kama kumi na tano haivumiliki, tatizo si la asubuhi hiyo wala la mtu aliyekuwa zamu. Ni la kazi yote, tangu shambani, na dawa yake ni kubadili namna ya kukata, kubeba au kupakia kwa siku zote. Kumi na saba ndiyo inayosema kwamba leo kuna jambo.

Sampuli ikibadilika ukubwa, chati ya np haifai tena. Siku ya soko hukaguliwa chana 400, siku ya mvua 50. Kuweka idadi hizo juu ya mchoro mmoja ni kulinganisha pishi na kibaba. Hapo hutumika chati ya p, ambayo huweka asilimia badala ya idadi, na mipaka yake hubanana au kutanuka kufuata ukubwa wa sampuli ya siku. Kwa wastani ule ule wa asilimia 8, siku ya chana 400 kikomo cha juu ni asilimia 12.1. Siku ya chana 50 ni asilimia 19.5. Asilimia 14 ya ubovu ni habari kubwa siku ya kwanza, na si habari kabisa siku ya pili. Msimamizi anayetazama asilimia peke yake, bila kujua zimetoka katika chana ngapi, hawezi kuiona tofauti hiyo.

Kuna sharti moja ambalo chati za np na p hulibeba kimyakimya, na ndizi hulivunja. Hesabu yake hudhani kwamba kila kitu huharibika kivyake, bila kuhusiana na jirani yake. Chana za mkungu mmoja haziko hivyo. Mkungu ukianguka, huumia chana kadhaa kwa pamoja. Shamba likiingiwa na ugonjwa, mzigo wake wote hubeba alama. Ubovu ukija kwa mafungu namna hii, matokeo ya siku hutawanyika kuliko hesabu inavyotarajia, mipaka huwa myembamba mno, na nukta hutoka nje karibu kila wiki bila sababu yoyote mpya. Watu wakiitwa bure mara tano, mara ya sita hawaji. Mwaka 2002 mtaalamu David Laney alitoa chati ya p iliyorekebishwa, ambayo huupima mtawanyiko halisi wa siku hadi siku na kuutia katika mipaka. Njia nyingine, iliyo nyepesi kwa kikundi cha kijijini, ni kuichukua asilimia ya kila siku kama kipimo kimoja na kuiweka katika chati ya vipimo vya mojamoja, mradi sampuli zisitofautiane sana kwa ukubwa. Chati hiyo inaelezwa baadaye.

Upande wa dosari unaeleweka vizuri zaidi ukitoka kwenye ndizi na kupanda hadi Mwatate, katika nchi ya mkonge. Mashamba ya Teita Sisal yaliyoko huko ni miongoni mwa makubwa katika Afrika Mashariki, na mkonge wenyewe una historia ndefu upande huu wa bahari tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta Tanganyika mwaka 1893. Majani hukatwa, huchakatwa kwa mashine, nyuzi huanikwa juani, hupigwa burashi na kufungwa marobota. Katani inayopatikana husokotwa kamba, na wanawake wa Kitaita kwa miaka mingi wameifuma vikapu.

Kamba ndiyo mfano ulio wazi. Hakuna anayetupa roli zima kwa sababu ya fundo moja. Roli lina mafundo, sehemu nyembamba, nyuzi zilizochomoza. Swali ni ngapi. Hii ni hesabu ya dosari, na chati yake ni ya c roli zikiwa na urefu mmoja. Tuseme kila roli ni la mita 100 na wastani ni dosari 9. Uzuri wa chati hii ni wepesi wake: mchepuko ni kipeuo cha pili cha wastani wenyewe. Kipeuo cha 9 ni 3, mara tatu ni 9, na mipaka inakuwa sifuri na 18. Mtu aliyemaliza darasa la nane anaweza kuifanya kwa kalamu.

Urefu ukitofautiana, chati ya c huipa nafasi chati ya u, ambayo huweka dosari kwa kila kipimo kilichokubaliwa, hapa mita 100. Roli la mita 400 lenye wastani ule ule litakuwa na mipaka ya 4.5 na 13.5 kwa kila mita 100. La mita 50 litaruhusiwa kufika 21.7. Uhusiano wa c na u ni kama ule wa np na p: ya kwanza kwa ukubwa usiobadilika, ya pili kwa ukubwa unaobadilika. Anayelishika hili ameshazijua chati nne za kuhesabu.

Chati ya c nayo ina sharti lake. Dosari ziwe chache zikilinganishwa na nafasi zilizopo za kuzipata, na zisivutane. Mashine iliyolegea ikitoa mafundo kumi mfululizo mahali pamoja, hayo kwa kweli ni tukio moja lenye alama kumi, na kuyahesabu kumi ni kuipotosha chati.

Hata hivyo, kuhesabu si lazima kuwe jibu. Kinachoweza kupimwa kipimwe. Neno “mbovu” huficha mengi: chana iliyokosa kidogo na iliyooza kabisa huandikwa alama ile ile, na kazi inayoelekea kuharibika haionyeshi chochote hadi ubovu wenyewe utokee. Kipimo huona mapema. Tuseme kikundi kinasaga ndizi mbichi kuwa unga na kuufunga katika pakiti za gramu 500. Kusema “pakiti 3 kati ya 100 zimepungua” kunahitaji pakiti 100. Kupima pakiti 5 tu kila saa, kuandika wastani wake na tofauti kati ya nzito na nyepesi, kunatoa habari zaidi kwa jasho dogo. Wastani mkuu ukiwa gramu 503 na tofauti ya kawaida gramu 8, wastani wa pakiti tano hautarajiwi kushuka chini ya 498.4 wala kuzidi 507.6, na tofauti haitarajiwi kuvuka gramu 16.9. Hizi ni chati mbili zinazokwenda pamoja, ya wastani na ya tofauti. Ya pili ndiyo isomwe kwanza: ikiwa mtawanyiko umevurugika, mipaka ya wastani haina maana.

Mahali ambapo kipimo hupatikana kimoja tu kwa siku, kama unyevu wa robota la katani, hutumika chati ya vipimo vya mojamoja. Mkaguzi huandika tofauti kati ya kipimo cha leo na cha jana, hutafuta wastani wa tofauti hizo, huuzidisha kwa 2.66, kisha huongeza na kutoa jibu katika wastani wa vipimo vyote. Ni chati mvumilivu, na ndiyo inayofaa pia kwa ndizi zenye ubovu wa mafungu.

Dosari zikiwa adimu sana, chati zote za kuhesabu hupofuka. Kituo kinachopata chana moja iliyooza kwa kila chana 2,000 kitajaza daftari la sifuri, na moja itakayotokea itaonekana kama msiba. Hapo kinachohesabiwa ni umbali: chana ngapi nzima zimepita kati ya mbovu moja na nyingine. Umbali ukifupika ghafla, kazi imeharibika, ukirefuka, imeboreka.

Chati yoyote itakayochaguliwa haiwezi kuwa bora kuliko jicho linaloijaza. Mkaguzi mmoja huita mchubuko kile ambacho mwenzake hukiita alama ya upepo. Wawili hao wakipokezana zamu, chati itapanda na kushuka kufuata zamu, na mkulima atalaumiwa kwa tofauti za macho yao. Dosari inahitaji maana iliyoandikwa na kubandikwa ukutani: weusi unaozidi ukubwa wa kidole gumba, ngozi iliyopasuka hadi nyama, kidole cha ndizi kilichochomoka. Kisha wakaguzi wote wapewe chana zile zile 30 wahesabu, na majibu yao yalinganishwe kabla nukta ya kwanza haijawekwa.

Sampuli nayo ichukuliwe mahali pamoja panapoeleweka. Chana za mashamba sita zikichanganywa katika sampuli moja, shamba lenye ubovu mwingi hujificha ndani ya wastani wa yote. Ni afadhali kila lori au kila shamba liwe na nukta yake.

Kosa jingine linaloumiza ni kuchora mpaka wa mnunuzi badala ya mpaka wa kazi. Mnunuzi anaweza kutaka ubovu usizidi asilimia 5. KEBS, shirika la viwango la Kenya lililoanzishwa mwaka 1974, huweka matakwa yake kwa bidhaa zinazouzwa nchini. Hayo ni masharti ya nje na lazima yatimizwe, lakini hayana mahali katika chati ya udhibiti. Mipaka ya chati hutoka katika matokeo ya kazi yenyewe. Kazi yenye wastani wa asilimia 8 inaweza kutulia kabisa ndani ya mipaka yake mwaka mzima, na bado mnunuzi akaikataa kila siku. Ni habari ya uchungu, lakini ni bora ijulikane: kukaza ukaguzi hakutasaidia, itabidi kazi ibadilishwe.

Mipaka huhesabiwa baada ya kupata nukta 20 hadi 25, na haihesabiwi upya kila mwezi ili kuifuata kazi inayoharibika. Mbali na nukta iliyotoka nje, kuna ishara nyingine iliyowekwa katika kitabu cha mwongozo cha Western Electric cha mwaka 1956: nukta nane mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati. Hata kama zote zimo ndani ya mipaka, zinasema wastani umehama.

Kwa kikundi cha wakulima kinachoanza Mboghoni, chenye meza moja ya kukagulia na daftari moja, chati ya kuanzia ni ya np, na sampuli iwe chana 120 kila siku badala ya 100, zikiokotwa kutoka mikungu mingi. Sababu ni ya hesabu. Ubovu ukiwa asilimia 8, kikomo cha chini hakipandi juu ya sifuri mpaka sampuli ifike chana 104, na bila kikomo cha chini chati haiwezi kuonyesha siku iliyokuwa nzuri isivyo kawaida. Kwa chana 120, wastani ni 9.6 na mipaka ni 0.7 na 18.5. Ikionekana baada ya siku 25 kwamba nukta zinatoka nje mara kwa mara bila sababu kupatikana, ubovu unakuja kwa mafungu, na kikundi kihamie chati ya vipimo vya mojamoja. La sivyo, siku ya chana 19 mbovu lori lisiondoke kabla ya kukaguliwa tangu visu hadi matandiko. Na siku isiyo na chana mbovu hata moja pia paulizwe: ama kuna shamba limegundua njia bora ambayo wengine wanapaswa kuonyeshwa, ama mkaguzi hakutazama.